Bastola ya Joachim Imegoma

Chunya, 11 Februari 2024

Babu Sedekia, mume wangu wa kwanza,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua, na bado unagombana na mke mwenzangu Bibi Faustina kuhusu chumvi. Huku sisi tuko salama. Watoto wanaenda shule. Yohane sauti imemvunjika, akiniita kutoka chumbani nashtuka nikidhani baba yake amerudi. Mama yuko Mbeya kwa dada, miguu inamvimba lakini mdomo uko mzima.

Naandika kwa sababu simu imeshindikana. Juzi nilikuuliza kifua kinaendeleaje, ukajibu, "Ndiyo, tumeshapalilia." Basi bahasha nimempa kondakta wa basi la Iringa akushushie hapo Nyololo.

Babu, wewe ulibeba bastola miaka yote uliyosindikiza mishahara kwenye mashamba ya chai. Marehemu Joachim, baba wa watoto, naye aliacha ya kwake, alikuwa akiibeba akienda kununua dhahabu. Ni ile ya gurudumu: unapanga risasi sita kwenye matundu, ukivuta kifyatulio gurudumu linajizungusha, nyundo inajiinua yenyewe na kupiga. Niliijaribu nyuma ya vilima. Ya kwanza ilisema klik. Ya pili klik. Ya tatu ikalia mpaka masikio yakaziba, kisha gurudumu likakwama na kukataa kufunguka. Kifyatulio nacho ni kigumu, navuta kwa vidole viwili.

Jamaa mmoja hapa anayejua silaha ameniambia aina hiyo haitengenezwi tena na vipuri vyake havipatikani. Nifundishe nifanye nini ili ilie kila nikivuta. Ni kwa ajili ya wezi wa karasha letu la kusaga mawe ya dhahabu. Tangu Joachim afe pale mlimani mwaka jana, watu wanaiona ile mashine kama haina mwenyewe.

Mama asijue.

Mjukuu wako,
Lea

*

Nyololo, 5 Machi 2024

Kamwene, mke wangu mdogo,

Mimi sijambo, ila goti la kushoto limejitoa kwenye muungano. Bibi yako anakusalimu. Barua yako aliifungua yeye, maana anaamini kila bahasha inayoshuka na basi imetoka kwa mwanamke. Akakuta kweli imetoka kwa mwanamke, tena inaniita mume. Nimelala na njaa. Mahindi yanaendelea vizuri, nyani wanayaendeleza vizuri zaidi.

Sasa hiyo bastola. Nimecheka peke yangu mpaka bibi yako akadhani pumu imerudi. Lea, huyo ni ndugu wa yule niliyelala naye miaka yote ya chai. Namjua kuliko ninavyomjua mchungaji wetu. Kiwanda kiliacha kumtengeneza zamani, mama yako bado anavaa sare ya shule, na hata siku alipokuwa akitengenezwa watu walinung'unika. Hujasema la ajabu hata moja.

Klik ni ya spring. Spring ya nyundo ikichoka, nyundo inagonga kitako cha risasi kama mchumba mwenye haya anavyogonga mlango wa wakwe. Risasi haisikii. Kukwama kwa gurudumu ni kile kifimbo cha kusukumia maganda, kinajifungua chenyewe kidogo kidogo, kinatokeza, gurudumu linakosa pa kupita. Halafu kuna la tatu ambalo hujalikuta. Gurudumu likilika, tundu halikai sawa na mtutu, inatema vijipande vya risasi pembeni. Mwenzangu Eliezeri alikuwa na alama shavuni, akawa anawaambia wasichana alipigwa na majambazi. Ni bastola yake mwenyewe ilimtemea mate.

Mimi nilichomoa ya kwangu mara moja tu katika kazi nzima. Nguruwe pori alikuwa ameingia kwenye hema la mishahara. Klik, klik, klik. Yule nguruwe akanitazama kwa huruma, akala ndizi za karani, akaondoka.

Lakini nisimsingizie. Ukimsafisha, ukimkaza skrubu, ukampa risasi ambazo hazijalala kwenye unyevu, hana makuu. Risasi moja ikigoma, unavuta tena, inakuja ya pili. Ila huyo wa kwako amekaa kabatini na pombe ya uzee imempanda kichwani.

Fanya hivi. Kwanza kikaze kile kifimbo gurudumu lifunguke, toa risasi zote, zihesabu, zifungie mbali na watoto. Kisha vua mbao za mpini. Ndani utaona ubapa wa chuma uliopinda. Ndiyo spring. Nitumie. Hapa stendi yupo Sifaeli, fundi wa spring za malori. Mtu anayenyoosha spring iliyobeba tani thelathini kutoka Tunduma hatashindwa na kitu cha kuchokonolea meno.

Kuna neno umelisahau. Leseni ilikuwa ya Joachim, na mwenye leseni akifa, leseni haibaki kula matanga. Bastola ilipaswa irudi polisi. Wewe mbona unayo?

Na hao wezi, wana majina?

Babu yako mwenye njaa,
Sedekia Kalinga

*

Chunya, 27 Machi 2024

Babu,

Shikamoo, na Pasaka njema. Mwambie mke mwenzangu asikunyime chakula, ukifa nani atanijibu. Mtoto wangu Happy ameongoza darasani kwa hesabu. Majirani wanakausha tumbaku, mtaa mzima unanuka kama koti lako.

Spring hiyo hapo, ndani ya kopo la karanga. Bibi ale karanga, wewe chukua chuma. Ilinisumbua kutoka, imenichana kidole.

Leseni ipo kabatini. Nitaishughulikia nikipata nafasi.

Kuhusu wezi, wiki iliyopita tulikuta kufuli letu la geti la karasha limekatwa na limefungwa kufuli jipya. Vijana wangu wamekaa kivulini, wachimbaji wamepeleka mawe yao kusaga kwingine. Nimelikata hilo kufuli jipya. Likirudi nitalikata tena.

Anord, mdogo wake marehemu, anakusalimu. Anakuja mara kwa mara kututazama.

Mwambie Sifaeli afanye haraka.

Lea

*

Nyololo, 22 Aprili 2024

Kamwene, mke wangu mwenye kidole kilichochanika,

Karanga tumekula, chuma hatujala. Mwambie Happy babu yake alikaa darasa la nne miaka mitatu, si kwa upumbavu, ni kwa kulipenda. Hizo hesabu amezitoa kwa bibi yake, ambaye mpaka leo anajua vikombe nilivyovunja tangu harusi.

Nisamehe kuchelewa. Sifaeli alikwenda msibani Kilolo, mvua ikakata barabara, akabaki huko akala msiba mpaka ukawa harusi. Aliporudi kukawa na foleni ya malori. Sasa ameitazama spring yako. Kaigonga, kaisikiliza, kailamba kidogo, mimi sikumuuliza kwa nini. Anasema peke yake haimwambii kitu. Anataka ile skrubu ndogo ya mbele ya mpini inayoikaza, na mbao za mpini zote mbili, aone kama hazibani. Tuma.

Nimekaa na barua yako mapajani. Mwizi anayekata kufuli namjua, nimeishi nao, wengine nimewafundisha kipaimara. Mwizi anayekata kufuli kisha akanunua jipya kwa hela yake na kulifunga, huyo simjui. Mwizi hanunui kufuli. Anayenunua kufuli anataka kuwa mwenye mali.

Na katika barua nzima kuna mwanamume mmoja tu ambaye si mimi wala fundi.

Huyo Anord anakuja kuwatazama nini?

Bibi yako anasema ule vizuri. Ananiambia niandike mara mbili, basi: ule vizuri.

Sedekia

*

Chunya, 13 Mei 2024

Babu,

Shikamoo. Wote wazima.

Mbao hizo, na skrubu nimeifunga kwenye kitambaa chekundu isipotee.

Umeuliza, nakujibu. Ni Anord. Siku tulipoweka msalaba kaburini, wageni walipoondoka, alikaa kwenye kiti cha Joachim akavua viatu. Akasema kwao mjane haachwi kama mbuzi asiye na kamba. Ama nikubali anirithi, awe baba wa watoto wa kaka yake, ama niondoke na nguo zangu na kumwachia karasha, maana ni jasho la ukoo wao. Babu, jasho lipi? Ile mashine tuliinunua mimi na Joachim. Mimi ndiye niliyekuwa nalala pale pale juu ya magunia ya mawe, mimba ya Happy ikiwa ya miezi minane, yeye akiwa Mbeya anauza simu.

Nilimwambia, "Shemeji, vaa viatu uende."

Akaniambia, "Shemeji, mimi sina haraka. Utanizoea."

Tangu hapo ni makufuli. Juzi alikuja na vijana wawili wakafungua mkanda wa mashine wakaondoka nao, Yohane anatazama. Aliingia ndani akaanza kunoa panga.

Ndiyo maana nataka ilie. Sitaki kumuua mtu. Nataka Anord aione tu. Akiiona atakoma, na Yohane ataweka panga chini.

Usiniandikie kuhusu kusamehe. Niandikie imepona.

Lea

*

Nyololo, 29 Mei 2024

Lea mjukuu wangu,

Kamwene. Baridi imeanza huku, asubuhi ukungu unakaa barabarani mpaka malori yanawasha taa. Bibi yako hajambo. Barua yako hii nilimzuia asiisome, akaisoma. Amekwenda kukaa jikoni na anavunja kuni ambazo zimeshavunjwa.

Sikuandikii kuhusu kusamehe. Mimi mwenyewe kuna watu waliokufa sijawasamehe, nangoja tukutane. Mwambie Yohane babu anasema panga lihamie kwa jirani, na kwamba yeye ni mume mwenzangu na sikumruhusu kuingia vitani kabla yangu.

Bastola nitakuandikia, maana ndiyo uliyoniuliza. Katika malalamiko yote ya watu juu ya bastola hiyo, moja sikulikubali kamwe: kwamba kifyatulio ni kizito. Kila aliyepewa alinung'unika. Wengine walikwenda kwa mafundi wakaipunguza spring kwa tupa ili kiwe laini, na hizo ndizo zilizokuwa za kwanza kusema klik. Mimi sikuipunguza. Lea, kidole kimoja kinafanya kazi zote pale. Kinazungusha gurudumu, kinainua nyundo, kinaiachia. Hakuna kituo katikati cha kushukia abiria. Uzito ule ndio muda pekee unaopewa. Unavuta, bado unavuta, na katika kuvuta kule mtu anaweza kufikiria mama yake, au mama wa yule aliye mbele. Wengi walikuwa wakilaani ule uzito. Mimi nilikuwa nikiushukuru kimya kimya kila mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo hilo la "aione tu" silielewi. Bastola inayotolewa ionekane inataka na kusikika. Anord akiiona na asikome, utafanya nini? Utairudisha kwenye mkoba umwambie samahani?

Kuna kitu kingine nataka kujua. Mirathi mmefungua? Kikao cha ukoo kikae, kiandike muhtasari, kimpendekeze msimamizi, upeleke mahakama ya mwanzo. Mahakama ikikuthibitisha wewe, kila kufuli analofunga Anord anajifungia mwenyewe. Nadhani kikao hakijakaa kwa sababu anayepaswa kukiita ni Anord. Nimekosea?

Sifaeli anasema kazi inaendelea. Anataka nyundo. Itume.

Sedekia

*

Chunya, 12 Juni 2024

Babu,

Shikamoo.

Hujakosea kuhusu kikao. Ila sasa Anord mwenyewe amekiita, Jumapili tarehe 30, hapa kwangu, na amewaita wazee wa kwao wote. Si cha mirathi. Ni cha kunikabidhi. Ameshanunua mbuzi. Mashahidi wa upande wangu sina, mama hawezi kusafiri na baba alishatangulia.

Nyundo sitatuma.

Jana niliiweka ile bastola mezani nikaitazama vizuri. Haina mbao, haina skrubu, haina spring. Nimebaki na panga lisilo na mpini. Babu, tangu Machi unanitumia hadithi za nguruwe na misiba ya Kilolo, na mimi nakutumia bastola kipande kipande kwa basi kama mjinga. Sifaeli yupo kweli? Au ni wewe umekaa na vyuma vyangu unacheka na bibi?

Nilikuomba kitu kimoja. Sikukuomba unifikirie.

Rudisha vyote na basi la Ijumaa. Usiporudisha nitatafuta nyingine, Chunya hakikosekani kitu.

Lea

*

Nyololo, 19 Juni 2024

Kamwene, mke wangu,

Sifaeli yupo. Ni kweli ananyoosha spring za malori, ni kweli alikwenda Kilolo. Ila ya kwako hajaiona. Iko chini ya godoro langu upande wa ukutani, pamoja na mbao na kitambaa chako chekundu. Bibi yako amelalamika kwamba inamchoma ubavu, nikamwambia avumilie, anasaidia serikali.

Sikucheka. Ya nguruwe nilicheka, hii hapana. Barua ya kwanza tu uliposema mama asijue, nilijua si wezi. Mtu akiogopa wezi anamwambia mama yake kwanza.

Sirudishi. Tukana, nitakuwa nimestahili, na kwa bahati nzuri sisikii.

Lakini hukosi shahidi. Nakuja. Nimeshamwambia kondakta anitafutie kiti cha mbele kwa ajili ya goti. Nitafika Jumamosi tarehe 29, nikilala kwanza Mbeya kwa mama yako, maana ni lazima ajue na nitamwambia mimi. Tayarisha leseni ya Joachim na cheti cha kifo, na hicho kilichobaki mezani ukitie kwenye mfuko. Usinunue kingine. Nisubiri siku hizo chache, Lea. Sijakuomba kitu tangu uniombe nikuchezee ngoma kwenye harusi yako.

Kwenye kikao mniketishe karibu na Anord, upande wa sikio la kulia, ndilo linalofanya kazi kidogo.

Mumeo,
Sedekia

*

Chunya, 14 Julai 2024

Babu mpendwa,

Shikamoo. Umefika salama nimeambiwa, na bibi ameniambia kwenye simu kwamba umerudi unajitamba kama mbunge. Mama amerudi kutembea, anasema hasira imemponya miguu. Karasha linasaga. Mkanda Anord ameurudisha, aliuacha getini alfajiri bila kuaga.

Kuna mengi hukusikia siku ile, kwa hiyo nakuandikia uyafaidi. Ulipoingia, yule mzee mnene wa kwao aliwaambia wenzake, "Mzee wa Kihehe huyo, fungeni mbwa wasiliwe." Wakacheka. Anord aliposema maneno yake kuhusu kurithi, ulikuwa umefumba macho, nikadhani umelala. Kisha ukafungua ukamuuliza, "Mwanangu, mjane anarithiwa lini?"

Anord akasema, "Mumewe akifa, mzee."

Ukasema, "Mimi sijafa."

Hapo hukusikia, ila yule mzee mnene alipiga goti lake akasema, "Lo, amekamatwa." Ukaendelea kuwaambia kwamba mimi ni mke wako tangu nizaliwe, kila babu anajua hivyo na kila mjukuu, na kwamba Joachim ulimkopesha tu, na sasa mkopaji amefariki mkopo umerudi kwa mwenyewe. Ukamwambia Anord kama anataka akungoje ufe, lakini kwenu mnachelewa kufa. Wale wazee walicheka mpaka mmoja akatoka nje kukohoa. Na walipomaliza kucheka, yule mnene akamwambia Anord kwa sauti ndogo, hii ndiyo nataka uisikie: "Kaa chini, mwanangu. Mwanamke ana wenyewe. Tuandike mirathi tule mbuzi." Ndivyo ilivyoandikwa. Wiki ijayo naitwa mahakamani kuthibitishwa.

Babu, nilikukabidhi ule mfuko stendi, ukashukuru Mungu kwamba nimekutii. Sikukutii. Nimeshindwa kukuambia mbele ya uso wako, nakuambia hapa.

Jumatano kabla hujaja, Anord alikuja peke yake. Nilikuwa chumbani. Nikamsikia sebuleni anamwambia Yohane, "Kuanzia Jumapili utaniita baba, anza kuzoea." Nikasikia amempiga kofi.

Niliitoa kabatini. Risasi nilizipanga zote. Nilitoka nikamwelekeza kifuani. Hakukuwa na mbao, nilikuwa nimeshika chuma kitupu, kilikuwa baridi. Aliiona, Babu. Aliiona kama nilivyotaka. Akasema, "Shemeji, acha mchezo," na akainua mikono.

Nikavuta.

Wewe uliniandikia kwamba kile kifyatulio ni kizito, kwamba katikati mtu hupata muda. Bila spring hakina uzito wowote. Ni kama swichi ya taa. Nilijua haina spring, niliitoa mwenyewe ikanichana kidole. Lakini wakati ule sikujua chochote. Nilivuta mpaka mwisho, nikavuta tena, nikavuta tena. Haikusema hata klik. Anord alikojoa akakimbia, na hajamwambia mtu, maana atamwambia nini.

Yohane aliona yote. Alinishika mkono akanikalisha chini.

Nilikuwa nimesema sitaki kumuua mtu. Nimekaa nalo tangu siku ile. Nikimwona Anord sokoni namwona mtu aliyekufa anayenunua nyanya. Wewe umenisaidia na sijui nikushukuru vipi, na sijui mimi ni mtu wa namna gani.

Lea

*

Nyololo, 4 Agosti 2024

Lea, mtoto wa mwanangu,

Kamwene. Tumevuna. Safari hii umeuliza kingine na mimi nimejibu shamba, kama ile siku ya simu, nivumilie, nilikuwa natafuta pa kuanzia.

Barua yako nimeisoma peke yangu, kisha nikampa bibi yako mwenyewe kwa mkono wangu, kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Akaisoma. Akasema, "Mwandikie aje alale hapa na watoto likizo ya Septemba." Kisha akaitia kwenye moto wa kuni na kusonga ugali juu yake. Tumeula. Haipo tena.

Umeuliza wewe ni mtu wa namna gani. Sina elimu ya kulijibu hilo, na walio nayo wasikudanganye. Ninachokijua ni hiki. Ulivuta, ni kweli. Sitakwambia hukuvuta. Na yule kijana yu hai, anachagua nyanya, hilo nalo ni kweli. Hayo mawili utayabeba yote, mojawapo usilitupe njiani kwa kuwa ni zito. Ukishindwa kulala mwamshe mama yako. Yohane naye mwulize alichokiona, usimwache akisimulie peke yake kichwani. Mtoto aliyemkalisha mama yake chini anahitaji na yeye kukalishwa.

Na mimi nimejifunza kwa aibu kwamba nilijisifu mno. Nilidhani nakuchelewesha mpaka hasira ipoe. Haikupoa. Ni chuma tu kilichokosekana.

Sikukuambia nilichokifanya na ule mfuko. Nilipotoka kwako nilishuka Mbeya, nikaingia kituo cha polisi na leseni ya Joachim, cheti cha kifo, na vile vipande nilivyokuwa nimekuja navyo mfukoni mwa koti. Nikavipanga mezani pamoja na bastola. Kulikuwa na askari kijana, mtoto mstaarabu, amenipa kiti kwanza ndipo akanihoji. Akaipindua, akaitazama ndani ya mtutu, akachezesha kifyatulio kwa kidole. Akaniambia kwa sauti ya juu baada ya kuona sisikii:

"Mzee, aina hii ilishaachwa kutengenezwa. Watu wanaileta hapa wakilalamika tu. Hii nayo ilikuwa inafanya kazi?"

Nikamwambia, "Haijawahi kufanya kazi vizuri kama mwaka huu."

Hakuelewa. Akaandika: mbovu. Nikatia sahihi.

Njooni Septemba.

Babu,
Sedekia